Betri Hupimwa kwa Mzigo: Ushauri kwa Mafundi wa Lwakhakha na Kwingineko

Volti inayosomwa kwenye ncha za betri isiyofanya kazi yoyote haithibitishi kwamba betri hiyo ni nzima. Betri ya volti 12 iliyochakaa, ikichajiwa usiku kucha na kuachwa ipumzike, huweza kuonyesha volti 12.6 kwenye mita na bado ikaishiwa nguvu dakika chache baada ya kuunganishwa na pampu au inverta, kwa kuwa mita huvuta mkondo mdogo mno usioweza kuifichua hali ya ndani ya betri. Ili ukweli ujulikane, betri haina budi kufanyishwa kazi ya kiasi kinachojulikana, kwa muda unaohesabiwa, huku volti yake ikifuatiliwa hadi ishuke kufikia kikomo kilichowekwa. Chombo kinachoifanyisha kazi hiyo kwa usahihi ni mzigo wa kielektroniki, ambao huunganishwa na chanzo cha umeme wa mkondo mnyoofu, yaani ule usiogeuza mwelekeo wake na ambao mafundi huuita disii, ukavuta mkondo kwa kiasi ulichoamriwa na kuugeuza wote kuwa joto linalopeperushwa nje na feni. Mzigo huitwa wa kupangika pale ambapo amri hizo zinaweza kuandikwa mapema, zikahifadhiwa na kutekelezwa kwa mfuatano bila fundi kukaa akizungusha kitufe.

Katika mji wa mpakani wa Lwakhakha, ambako mto wenye jina hilohilo unaitenga Kaunti ya Bungoma na Wilaya ya Namisindwa upande wa Uganda, na vilevile katika karakana za Chwele, Sirisia, Bungoma mjini na Kitale, haja ya chombo hiki hutokana na vitu vya kawaida kabisa. Wakulima wa mahindi hubeba pampu za mgongoni za kupulizia dawa zinazoendeshwa na betri ya volti 12 na saa-ampea 8, saa-ampea ikiwa ni kipimo cha umeme unaopatikana pale mkondo wa ampea moja unapotoka kwa saa moja. Vyama vya ushirika vya kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon hupima mazao ya wanachama kwa mizani za kidijitali, ambazo nyingi zimefichiwa ndani betri ya volti 6 na saa-ampea 4. Ziko pia betri za sola za majumbani, betri za akiba za mashine za kutotolea vifaranga, chaja za simu, pawabenki, na betri za pikipiki za umeme ambazo zinazidi kuenea nchini Kenya. Wenye vitu hivi wote humwendea fundi na swali moja, kama kitu kinafaa kuendelea kutumiwa au kinafaa kubadilishwa, na jibu linalotolewa kwa kukisia humgharimu mteja betri mpya asiyoihitaji au msimu mzima wa kazi iliyokwama.

Si kwamba mafundi wa eneo hili hawajawahi kupima betri kwa mzigo. Balbu ya taa ya mbele ya gari, yenye wati 55 au 60, imetumika tangu zamani kwa kazi hiyo, na haifai kudharauliwa, maana huvuta takriban ampea 5 kutoka kwenye betri ya volti 12, hupatikana katika kila duka la spea, na betri mbovu kupindukia hujifichua mbele yake kwa dakika moja. Udhaifu wake huonekana pale inapotakiwa hesabu. Waya wa ndani wa balbu ukiwa baridi huwa na ukinzani, yaani uzuiaji wa mkondo, unaokaribia sehemu moja tu ya kumi ya ukinzani wake ukiwa umewaka, kwa hiyo mkondo huruka juu sana mwanzoni kisha hushuka, na baadaye huendelea kushuka kadiri volti ya betri inavyopungua. Jumla ya umeme uliotoka haiwezi kujulikana bila kifaa kingine cha kuhesabu, na hakuna kinachoizima balbu hiyo wakati betri imefika kikomo, hivyo fundi akienda kula chakula cha mchana hurudi na kukuta betri ya mteja imemalizwa kabisa na pengine kuharibiwa. Busara ni kuiacha balbu ifanye uchujaji wa haraka, na mzigo wa kielektroniki utumike pale ambapo fundi atatoa jibu la tarakimu.

Mizigo karibu yote hufanya kazi kwa namna nne, na kuchagua namna isiyofaa huleta majibu ya ajabu ambayo mara nyingi lawama yake huangukia kifaa. Namna ya kwanza ni ya mkondo usiobadilika, ambapo mzigo huvuta ampea zilezile hata volti ya chanzo ikishuka. Hii ndiyo ya kupimia uwezo wa betri na uimara wa chaja, kwa sababu muda ukizidishwa kwa ampea hutoa saa-ampea moja kwa moja. Ya pili ni ya nguvu isiyobadilika, ambapo mzigo hushikilia idadi ya wati, na volti ikipungua huongeza ampea ili zao la viwili hivyo lisalie lilelile. Inverta huitendea betri vivyo hivyo: inayovuta wati 120 huchukua ampea 9.5 pale betri iko kwenye volti 12.6, lakini huchukua ampea 11.4 betri ikishuka hadi volti 10.5, na hiyo ni sababu mojawapo ya betri za akiba kuanguka ghafla mwishoni baada ya kuonekana imara kwa muda mrefu. Mwenye mashine ya kutotolea vifaranga anayetaka kujua mayai yake yatastahimili saa ngapi umeme ukikatika apimiwe betri kwa namna hii, kwa sababu jibu la mkondo usiobadilika litampa matumaini yanayozidi ukweli.

Namna ya tatu ni ya volti isiyobadilika, ambapo mzigo huruhusu mkondo wowote upite mradi volti ibaki pale ilipowekwa. Hii ni ya vyanzo ambavyo vyenyewe hudhibiti mkondo, na paneli ya sola ndiyo mfano ulio karibu zaidi. Paneli ya wati 100 yenye seli 36 hutoa volti 21 au 22 isipounganishwa na kitu, na hutoa nguvu yake kubwa zaidi karibu na volti 18, kwa mkondo wa ampea tano na nusu hivi. Fundi akiiamuru kwa namna ya mkondo itoe ampea 7 ambazo haina, volti yake huporomoka hadi karibu na sifuri, na asiyejua huhitimisha kwamba paneli imeungua. Kwa namna ya volti, fundi huanzia volti 20 akashuka nusu volti kwa nusu volti huku akiandika ampea, kisha akazidisha na kuona ni wapi wati zilikuwa nyingi zaidi. Tarakimu ya lebo hupatikana kwenye mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zikiwa na joto la nyuzi 25, hali ambayo juani haipatikani, kwa kuwa seli hupata joto zaidi ya hapo na volti hupungua. Njia ya haki kwa karakana isiyo na kipima mwanga ni kuilaza paneli inayoshukiwa kando ya nyingine inayoaminika, kwa mwinamo mmoja, adhuhuri isiyo na wingu, na kuzipima zikifuatana. Paneli nzuri za leo hutoa takriban wati 200 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo lebo inayodai wati 200 juu ya paneli ya nusu mita ya mraba imekwisha kujikanusha hata kabla ya mzigo kuwashwa. Namna ya nne, ya ukinzani usiobadilika, huufanya mzigo utende kama kikinza cha kawaida, na matumizi yake katika karakana za eneo hili ni machache.

Katika kuchagua, tarakimu kubwa iliyoandikwa usoni pa kifaa ndiyo inayopotosha zaidi. Kila mzigo una mipaka mitatu kwa pamoja: volti za juu, ampea za juu na wati za juu, na wati ndizo hufika kikomo kwanza katika kazi nyingi. Rigol DL3021, kwa mfano, imewekewa volti 150, ampea 40 na wati 200, na mnunuzi anayesoma haraka hudhani ataweza kuvuta ampea 40 kutoka kwenye betri ya gari. Wati 200 zikigawanywa kwa volti 12 hubaki ampea 16.7 tu, kwa mfumo wa volti 24 hubaki 8.3, na kwa betri ya pikipiki ya umeme ya volti 72 hubaki ampea 2.8, kiasi kwamba betri ya namna hiyo yenye saa-ampea 40 itahitaji zaidi ya saa 14 kumalizwa chaji. Siglent SDL1020X nayo ina wati 200, ikiwa na volti 150 na ampea 30, na kwa fundi wa betri za volti 12 tofauti ya ampea 40 na 30 haina maana yoyote kwa sababu hatafika popote karibu nazo. Swali la kuuliza dukani ni moja: kwa volti ya vitu vinavyoletwa karakanani, kifaa hiki kitavuta ampea ngapi mfululizo bila kupumzika?

Kwa kazi za Lwakhakha jibu linalotosha ni kati ya wati 150 na 200. Kiasi hicho hupima betri ya saa-ampea 100 kwa ampea 10, hupima pampu zote za dawa, mizani, pawabenki, chaja na paneli moja ya kawaida, na hakiigeuzi karakana ndogo ya mabati kuwa tanuri. Mwenye kuhudumia betri za saa-ampea 200 kila wiki anaweza kufikiria mzigo wa wati 400, kama Kunkin KP184, ingawa naye ajue kwamba wati 400 za joto zikitoka kwa saa kumi katika chumba kisicho na dirisha zitabadilisha hata joto la betri inayopimwa. Mizigo inayorudisha umeme kwenye gridi badala ya kuuchoma ipo pia, lakini bei yake ni ya viwanda na haina nafasi katika makala haya.

Kigezo cha pili ni kupima volti kwa waya nne. Waya mbili nene hubeba mkondo, na nyingine mbili nyembamba, zisizobeba mkondo wa kuhesabika, huunganishwa kwenye ncha zenyewe za betri ili kusoma volti ya hapohapo. Umuhimu wake huonekana kwa hesabu ndogo: waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5, mita moja kwenda na mita moja kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.023, na mkondo wa ampea 10 ukipita humo hupotea volti 0.23 njiani. Mzigo unaosoma volti kwenye matundu yake wenyewe utadhani betri imefika 10.5 ilhali ingali kwenye 10.73, utazima mapema, na betri nzuri itahukumiwa kuwa mbovu. Vibanio vilivyoshika kutu huongeza kosa hilo maradufu. Kifaa kisicho na nafasi ya waya nne kisinunuliwe kwa kazi ya betri, hata kikiwa na rangi na skrini ya kupendeza kiasi gani.

Cha tatu ni usahihi, ambao watengenezaji huuandika kwa sehemu mbili zinazojumlishwa: asilimia ya thamani inayosomwa, na asilimia ya kipimo kizima cha kifaa. Sehemu ya pili ndiyo mtego. Asilimia 0.05 ya ampea 40 ni ampea 0.02, nayo kwenye mkondo wa ampea 10 si kitu, lakini kwenye mkondo wa ampea 0.4, ambao ndio wa kupimia polepole betri ya pampu, ni kosa la asilimia 5. Mizigo mizuri huwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo, na fundi akumbuke kuhamia kidogo pale mkondo ni mdogo.

Kuhusu bei, soko lina tabaka mbili zilizo mbali. Vibodi vya bei nafuu vya jamii ya Atorch DL24 huuzwa chini ya dola 100 za Marekani, na mizigo ya maabara kama ile ya Rigol na Siglent hugharimu dola mia kadhaa kabla ya usafirishaji na kodi. Vibodi hivyo hupima kwa uaminifu unaoridhisha, hasa vikilinganishwa mara kwa mara na mita nzuri, na mwanafunzi au fundi anayeanza hatajuta kuwa na kimoja. Tatizo lake liko ndani, kwenye transista inayogeuza umeme kuwa joto, ambayo mara nyingi ni ya aina iliyobuniwa kuwashwa na kuzimwa haraka. Ndani ya mzigo transista hiyo hulazimishwa kusimama katikati, nusu imefunguka nusu imefungwa, huku volti kubwa na mkondo mkubwa vikiikalia kwa wakati mmoja. Sehemu moja ya kipande chake cha silikoni hupata joto kuliko nyingine, sehemu hiyo huvuta mkondo zaidi na kuzidi kuchemka, mpaka inatoboka. Transista ikifa hivyo kwa kawaida hubaki imepiga shoti, na mkondo wote wa betri hupita bila kizuizi. Kwa sababu hiyo kibodi kilichoandikwa wati 150 kichukuliwe kuwa cha wati 80 au 100 kwa kazi ya masaa, na kisiunganishwe kamwe bila fyuzi.

Fyuzi, kwa kweli, inahitajika hata kwenye kifaa cha bei ghali, na mahali pake ni karibu na ncha chanya ya betri, wala si upande wa mzigo. Betri ya risasi na asidi ya saa-ampea 100 inaweza kusukuma zaidi ya ampea 1,000 ikipigwa shoti, kiasi kinachoyeyusha waya na kuwasha moto kabla fundi hajainuka kwenye kiti. Hatari nyingine ni kugeuza waya: transista za mizigo hii zina njia ya ndani inayoruhusu mkondo kupita kinyume bila udhibiti, hivyo chanya ikiwekwa kwenye hasi mzigo hugeuka kuwa waya mtupu hata kama haujawashwa, na hakuna kitufe kitakachouzima. Fyuzi ya ampea 15 au 20 iliyotengenezwa kwa umeme wa disii, pamoja na mazoea ya kusoma polariti kwa mita kabla ya kila kipimo, huondoa balaa hilo kwa gharama isiyofika ya kikombe cha chai na mandazi.

Kipimo chenyewe cha betri kifuatiliwe kwa mfano wa ile ya pampu ya dawa, volti 12 na saa-ampea 8. Tarakimu 8 iliyoandikwa ubavuni mwake kwa kawaida ni ahadi ya saa 20, maana yake betri ikitolewa ampea 0.4 itachukua saa 20 kushuka hadi volti 10.5, yaani volti 1.75 kwa kila seli kati ya seli sita. Ikivutwa kwa kasi zaidi hutoa umeme pungufu, kwa sababu asidi haiwahi kupenya hadi ndani ya bamba za risasi. Kwa mwendo wa saa tano betri mpya ya jamii hii hutoa takriban asilimia 85 ya tarakimu ya lebo. Karakana yenye wateja wanaosubiri haiwezi kungoja saa 20, kwa hiyo mkondo unaofaa ni ampea 1.6, na matarajio ya haki si saa-ampea 8 bali takriban 6.8, ambazo ni saa nne na robo. Kwanza betri ichajiwe hadi ijae, kwa volti 14.4 mpaka mkondo wa chaja ushuke na kubaki mdogo bila kupungua tena, kisha iachwe saa chache itulie. Mzigo uwekwe kwenye namna ya mkondo, kipimo kidogo, ampea 1.6, kikomo cha volti 10.5, waya za kusomea volti zikiwa zimebana kwenye ncha za betri na si kwenye vibanio vya mkondo. Mzigo uunganishwe ukiwa umezimwa, volti isomwe, ndipo uwashwe.

Dakika kumi za mwanzo husema mengi. Betri yenye afya hushuka kidogo ikatulia karibu na volti 12.4 au 12.5 na kuteremka taratibu; betri yenye seli iliyokufa huanguka volti mbili kwa mpigo, na hiyo haihitaji kuendelea kupimwa. Ikiwa kifaa kimejizima baada ya saa mbili kikionyesha saa-ampea 3.2, betri imetoa chini ya nusu ya matarajio. Desturi ya wataalamu wa betri za akiba ni kuihesabu betri kuwa imefika mwisho ikishuka chini ya asilimia 80, lakini kipimo hicho ni cha mitambo ambayo haitakiwi kushindwa. Mkulima wa ekari moja anayemaliza kupulizia kwa saa moja na nusu anaweza kuitumia betri ya asilimia 60 msimu mwingine mzima, na fundi mwaminifu humwambia hivyo badala ya kumuuzia mpya. Mara kipimo kinapokwisha, betri ya risasi irudishwe kwenye chaja bila kulala, kwa kuwa bamba zilizoachwa bila chaji hujenga ukoko wa salfeti unaozidi kuwa mgumu kuondoa.

Mazingira nayo yana sauti. Kitale iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 na asubuhi zake za Julai ni za baridi, ilhali Bungoma mjini, iliyo chini kwa mita mia kadhaa, huwa na joto zaidi. Uwezo wa betri ya risasi kwenye nyuzi 15 huwa chini kwa takriban asilimia 10 ukilinganishwa na nyuzi 25 zinazotumiwa na watengenezaji. Betri ileile iliyopimwa alfajiri Kitale na alasiri Bungoma itatoa majibu mawili, na mafundi wawili watagombana bila sababu ikiwa hakuna aliyeandika joto. Kukatika kwa umeme ni shida nyingine: mizigo mingi huendeshwa na umeme wa ukutani, na umeme ukipotea saa ya tatu ya kipimo, baadhi hurudi ikiwa imefuta hesabu yote. Kabla ya kununua, muuzaji aombwe auchomoe mzigo katikati ya kazi na kuurudisha, ili mnunuzi aone kama hesabu inabaki. Isipobaki, mzigo uunganishwe na kompyuta au uwekewe betri ndogo ya akiba. Kipimo kilichokatizwa kisha kikaendelezwa hutoa jibu la juu kidogo, kwa sababu betri hupumua na kurejesha volti ikipumzika, na hilo linapaswa kuandikwa kwenye risiti.

Betri za lithiamu hudai tahadhari yake. Ile ya lithiamu na fosfeti ya chuma inayouzwa kama ya volti 12 ina seli nne na volti 12.8, na kikomo chake cha chini ni karibu volti 10. Ndani yake mna saketi ya ulinzi inayokata umeme wote ghafla seli moja ikishuka mno. Kikomo cha mzigo kiwekwe juu kidogo ya hapo, tuseme volti 10.5 au 11, ili mzigo uzime kabla ya saketi hiyo kukata, kwa maana betri iliyojifunga hivyo huonyesha volti sifuri na baadhi ya chaja hukataa kuitambua. Betri za lithiamu zilizovimba, zilizolowa au zilizofunguliwa na fundi mwingine zisipimwe kabisa, na hakuna betri ya aina hii inayopaswa kuachwa ikipimwa usiku katika duka lililofungwa.

Pawabenki huzusha ugomvi mwingi kaunta, na ugomvi huo humalizwa na hesabu. Lebo ya saa-miliampea 10,000 huhesabiwa kwenye volti 3.7 za seli za ndani, ambazo ni saa-wati 37. Umeme huo ukipandishwa hadi volti 5 hupotea asilimia 10 hadi 15, na kinachotoka kwenye tundu ni kati ya saa-miliampea 6,300 na 6,700. Mzigo ukihesabu 6,400 mteja hajapunjwa, ukihesabu 3,000 amepunjwa. Mkondo wa kupimia usiwe mdogo kupita kiasi, kwani pawabenki nyingi hujizima zikidhani simu imejaa. Chaja ya simu nayo hupimwa kwa kupandisha mkondo nusu ampea kwa nusu ampea hadi kiasi cha lebo, na volti isishuke chini ya 4.75; ikishuka, kipimo kirudiwe bila kebo, maana kosa mara nyingi ni la kebo nyembamba na si la chaja.

Inverta ndiyo inayohitaji onyo lisilo na mzunguko: upande wake unaotoa volti 240 ni wa mkondo geu, yaani eisii, na mzigo wa disii ukiunganishwa hapo utaharibika mara moja, pengine kwa kishindo. Upande huo hujaribiwa kwa balbu za waya, pasi au birika, vitu ambavyo wati zake zimeandikwa na ambavyo havijali umbo la wimbi.

Uwezo wa kupanga amri hudharauliwa na mafundi wanaodhani ni wa maabara tu, ingawa ndio unaookoa muda mwingi zaidi. Mizigo ya maabara huelewa SCPI, lugha ya amri za vifaa vya kupimia iliyowekwa mwaka 1990, ambamo mistari michache ya maandishi kutoka kwenye kompyuta huweka namna, mkondo na kikomo, kisha huomba volti na ampea kila baada ya sekunde kumi na kuziandika kwenye jedwali. Vyuo vya eneo hili, kama Kitale National Polytechnic, Matili na Sang'alo, vinafundisha vijana wanaoijua kompyuta kuliko walimu wao wa zamani, na programu ya namna hiyo ni kazi ya siku moja kwa mwanafunzi mwenye bidii. Mfuatano wa hatua unaweza pia kuiga siku nzima ya nyumba yenye sola: ampea 0.5 za redio na simu kwa saa nne, ampea 2 za taa na televisheni kwa saa nne nyingine, kisha ampea 0.3 za taa ya nje mpaka kikomo. Jibu lake humsaidia mwenye nyumba kuliko saa-ampea zozote.

Jedwali hilo ndilo msingi wa risiti ya kipimo, ambayo inapaswa kuwa na aina ya betri, mkondo uliotumika, kikomo cha volti, joto la chumba, muda, saa-ampea zilizotoka na tarehe. Maabara zinazopima bidhaa ndogo za sola chini ya mpango wa VeraSol, uliorithi kazi ya Lighting Global ya kuhakiki ubora mwaka 2020, hueleza masharti ya kipimo pamoja na matokeo yake, kwa sababu tarakimu isiyo na masharti haiwezi kurudiwa na mtu mwingine. Fundi mwenye leseni ya sola, ambayo kanuni za Kenya za mwaka 2012 ziliigawa katika madaraja ya T1, T2 na T3 na ambayo leo husimamiwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, atakuta karatasi hiyo inamlinda pia mteja anaporudi baada ya miezi sita na malalamiko.

Hitaji la mkondo mkubwa kuliko uwezo wa mzigo hutatuliwa kwa kuunganisha mizigo miwili sambamba, kila mmoja kwenye namna ya mkondo. Balbu ya gari ikiongezwa kando ya mzigo hufaa pia, mradi ikumbukwe kwamba mzigo huhesabu ampea zake peke yake, na za balbu zisipopimwa kwa mita nyingine betri itaonekana dhaifu kuliko ilivyo.

Manunuzi kwa wengi hupitia Luthuli Avenue jijini Nairobi au huagizwa moja kwa moja kutoka China, na katika hali zote mbili gharama ya usafirishaji na kodi ijumlishwe kabla ya kulinganisha bei. Vifaa vilivyotumika kutoka Marekani huwa vya bei nzuri na vya ubora wa juu, ila vingine vina swichi ya nyuma iliyowekwa kwenye volti 115, nayo ihamishwe kwenye 230 kabla ya kifaa kuchomekwa kwenye umeme wa Kenya. Karakana tatu au nne zinaweza kuchangia mzigo mmoja mzuri, kwa kuwa hakuna inayoutumia kila siku. Siku ya kuupokea, uunganishwe na betri iliyojaa na uendeshwe kwa robo tatu ya wati zake kwa saa nzima, mita ya pembeni ikilinganisha ampea mwanzoni na mwishoni; tofauti ikizidi asilimia moja, au feni ikikwaruza, urudishwe dukani wakati risiti bado inatambulika.